Ganda la Zambarau

Tundu lililokuwa kwenye kioo cha saluni lilikuwa dogo, la mviringo, na baadhi ya majirani waliohojiwa bado waliapa kwamba kinyozi alipigwa risasi. Mlio walikuwa wameusikia. Damu walikuwa wameiona. Aliyetaka kuwaambia vinginevyo ilibidi aje na kitu mkononi.

Koplo alimulika tochi ndani ya tundu, akafumba jicho moja.

"Afande, si risasi. Ni kitufe."

Inspekta alichukua koleo, akavuta polepole. Kilitoka kitufe cha shaba kilichopinda ukingo, kile cha kubonyezwa chini ya sigara ya umeme. Kilikuwa kimepita kwenye kioo, kikapita kwenye plasta, kikagota kwenye tofali.

"Kidude cha kuvutia moshi!" Koplo alisema. "Kinauzwa madukani kama peremende. Afande, shemeji yangu analala nacho chini ya mto."

"Mpigie shemeji yako simu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Koplo alitoka nje kupiga simu. Inspekta alibaki amesimama mbele ya kiti cha kunyolea. Kinyozi alikuwa ameketi hapo, hana mteja, ameegemea nyuma, amekiweka kidude mdomoni. Bomba la chuma lililobeba betri lilipasuka kwa urefu kama ganda la haragwe. Kitufe kiliruka kwenye kioo. Kichwa cha kidude, chenye koili, ule waya wa kuchemshia maji ya moshi, kiliruka upande wa pili, na daktari alikitoa nyuma ya koo la marehemu. Kijana wa watu, hajafika hata umri wa kuota mvi. Mashine yake ya kunyolea bado ilikuwa inanguruma watu walipoingia.

Kinyozi wa kiti cha pili, mwanamume mwenye upara ambaye wateja walimwita Panki kwa kumtania, alikuwa amekaa kwenye benchi, taulo shingoni. Alikuwa amelikunja na kulikunjua taulo hilo asubuhi nzima.

"Nieleze tena yale maneno," Inspekta alisema.

"Pamba alisema, 'Itakulipukia usoni, usije ukanilaumu.' Hapo mlangoni. Nilisikia kwa masikio yangu haya."

"Pamba ndiye aliyemfungia koili?"

"Ndiye anayewafungia wote hapa mtaani. Ana kibanda kile pale, au alikuwa nacho. Watu walikibomoa siku ileile."

Inspekta aligeuka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mbao zilizovunjika na bati lililokunjwa. Pamba lilikuwa jina la utani la fundi wa vidude hivyo, kwa sababu alitembea na pamba mfukoni, ile inayopachikwa katikati ya koili kunyonya maji ya kuvutia. Alikuwa mahabusu tangu siku ya tukio. Dada wa marehemu alitaka ashtakiwe kwa mauaji ya kukusudia, na faili lilikuwa linangojewa na mwendesha mashtaka.

"Waligombania nini?"

"Moshi, afande."

"Moshi?"

"Marehemu alilalamika moshi umepungua. Alikuwa akipuliza, humuoni mteja kwenye kiti. Siku za mwisho unatoka moshi wa chai. Akamwambia Pamba, nifungie koili kali zaidi. Wakaanza kupayukiana."

"Na kidude chenyewe, ulikiona kina hitilafu?"

Panki alifikiri. "Kilikuwa kinamchoma kiganja. Alikishika na kitambaa. Lakini alikisifu pia. Zamani betri ilikuwa inakata roho kabla ya mchana, anakimbilia kuchaji, wateja wanamngoja kichwa nusu kimenyolewa. Siku hizi ilikuwa inamfikisha jioni. Akasema, 'Panki, betri zangu zimeokoka.'" Alianza kucheka, akajifuta uso kwa taulo. "Ndivyo alivyosema. Zimeokoka."

Inspekta alirudia maneno hayo kimoyomoyo. Moshi umepungua, joto limezidi, chaji inadumu. Alichukua kutoka kwenye rafu betri ya akiba ya marehemu, nene kama kidole gumba, imevaa ganda la plastiki la zambarau, na kuitia kwenye mfuko wa vielelezo.

*

Kaunta ya kituo ilikuwa na foleni, lakini mwanamke mwenye mtandio mweusi hakuwa kwenye foleni. Alikuwa amesimama pembeni, karibu na mlango wa mahabusu, kama mtu anayelinda mlango usifunguke. Askari wote walimjua. Walimwita Dada Tochi. Alikuwa na karakana ya kutengeneza tochi na taa za walinzi, na tochi za kituo zilipita mikononi mwake. Marehemu alikuwa mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, na ni yeye aliyemlea kijana huyo.

"Afande, bado anapumua humo ndani?"

"Pole, dada. Bado tunachunguza."

"Mnachunguza nini? Kaka yenu angekufa mngechunguza? Amemtishia mbele za watu, akamfungia bomu, akampa aweke mdomoni. Mdomoni, afande! Mimi ndiye niliyemfunza mtoto yule kupuliza uji."

"Nipe muda mpaka kesho."

"Kesho nitakuwa hapahapa."

Koplo alimsogezea kiti. Dada Tochi hakukaa. Aliitazama tochi kiunoni mwa Koplo, akauliza kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya kazi, "Inafanyaje?"

"Haijui kuzimika, dada. Tangu uitie mkono."

Alitikisa kichwa kukubali, kisha akageuza uso ukutani.

Pamba aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amevaa kandambili zisizolingana. Jicho moja lilikuwa limevimba. Waliobomoa kibanda walikuwa wamempitia yeye kwanza.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ulimwambia itamlipukia usoni?"

"Nilimwambia."

"Ulijuaje?"

"Kwa sababu alitaka nishushe koili chini ya pale! Afande, kile kidude chake ni chuma kitupu. Hakina saketi ya kukizuia. Vingine vina ubongo, ukizidisha vinajizima. Kile ukibonyeza, betri inamwaga kila kitu ilichonacho kwenye koili. Ukishusha ukinzani, ule uzuiaji wa umeme kwenye koili, betri unaikamua zaidi. Nikamwambia, pale nilipokufungia ndipo mwisho wa betri yako. Ukishuka hapo, itakulipukia usoni, usije ukanilaumu."

"Halafu ukamshushia."

"Sikumshushia."

"Akupigie kelele mtaa mzima usikie, na usimpe anachotaka? Wewe ni mfanyabiashara."

"Alikuwa rafiki yangu." Pamba alijifuta jicho zima. "Alininyoa siku ya harusi yangu. Alininyoa siku ya msiba wa baba. Afande, ipimeni koili. Kama mmeipata, ipimeni. Mimi nafunga kwa mita, sifungi kwa kubahatisha. Mkikuta nimeshuka chini ya nukta mbili, nipelekeni mnapotaka kunipeleka."

"Betri ulimuuzia wewe?"

"Zile za zambarau, ndiyo. Nzuri. Zina nguvu ya kumwaga umeme mwingi kwa mara moja. Kasoro yake haziweki chaji sana, ndiyo maana alikuwa analalamika."

Inspekta aliacha kuandika. "Alikuwa analalamika nini?"

"Kwamba zinaisha upesi. Kila siku wimbo huohuo. Zinaisha upesi, Pamba, zinaisha upesi."

"Hata siku mliyogombana?"

Ilionekana Pamba hakuwahi kuulizwa hilo, wala kujiuliza.

"Hapana," alisema. "Siku ile alisema moshi tu."

*

Mtaalamu wa maabara alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole. Alikuwa ametandaza mabaki ya kidude kwenye karatasi nyeupe, kila kipande mahali pake, hata lile bomba lililopasuka lilionekana kama limelazwa lipumzike.

"Koili kwanza," alisema. "Imepinda lakini haijakatika. Ukinzani wake ni sifuri nukta mbili. Ni ya chini. Mimi mwanangu nisingemruhusu. Lakini betri iliyoandikwa kwenye ganda hili la zambarau inaweza kuibeba."

"Kwa hiyo Pamba hakudanganya."

"Kwenye koili, hapana. Sasa njoo uone hapa." Aliinua kitako cha bomba kwa kibano. "Haya matundu madogo ni ya kupumulia. Betri ikiharibika inatoa gesi, gesi inapita hapa, unaungua mkono lakini unaishi. Haya yalikuwa yameziba."

"Yamezibwa na nini?"

"Nywele."

Koplo alisogea. "Nywele?"

"Nywele fupifupi, zimeshindiliwa na jasho na mafuta. Nyeusi, za mvi, na mbili tatu zimetiwa rangi. Za watu wengi."

Inspekta aliona tena meza ya saluni, kidude kimelala pale kati ya vichana na mashine, mwezi baada ya mwezi, na vichwa vya mtaa mzima vikidondosha nywele juu yake.

"Hilo limeongeza nguvu ya mlipuko," mtaalamu aliendelea. "Halikuuanzisha. Ulianzia kwenye betri. Nami nilijiuliza, betri inayoweza kubeba koili hii imelipukaje? Iliyolipuka haina cha kusema, imebaki majivu. Nikamuuliza mwenzake."

Alichukua ile betri ya akiba, akachana ganda la zambarau kwa wembe kutoka juu hadi chini, akalivua kama mtu anayemenya ndizi. Chini yake kulikuwa na chuma kitupu chenye maandishi hafifu ya kiwanda kingine kabisa.

"Hii si betri ya Pamba," alisema. "Imevaa nguo za betri ya Pamba."

"Ni nini, basi?"

"Tazama huku na huku, kwenye ncha. Unaviona vidoa hivi viwiliviwili? Ni alama za kulehemu. Betri hii ilikuwa imeunganishwa na wenzake kwa vibati, ikang'olewa. Imetoka ndani ya laptopu ya zamani."

"Betri mbovu?"

"Wala! Ni betri nzima, inaweka chaji nyingi kuliko ile ya Pamba. Afande, fikiria matangi mawili ya maji. Moja dogo, mdomo mpana. La pili kubwa, mdomo mwembamba. Ukichota kikombekikombe, hilo kubwa litakufaa siku nzima. Koili ya nukta mbili haichoti kikombe. Inataka mkupuo. Inataka mara tatu, mara nne ya kile mdomo ule mwembamba unachoweza kutoa. Moshi unapungua kwa sababu umeme haufiki wa kutosha, betri inachemka kwa sababu inakamuliwa, na kila mvuto unaiumiza ndani. Mwisho wake umeuona."

"Na chaji inamfikisha jioni," Inspekta alisema polepole.

"Ndiyo. Mpaka siku haimfikishi."

Koplo alipiga meza kwa kiganja. "Tapeli! Pamba huyo huyo! Anamuuzia za laptopu kwa bei ya mpya, anazivisha ganda. Maganda matupu si yanauzwa kwa bunda?"

"Yanauzwa," mtaalamu alisema. "Lakini tapeli huwa na haraka. Huyu hakuwa na haraka." Aligeuza kichwa cha betri kwenye mwanga. "Kwenye ncha chanya lazima pawe na pete ya kuzuia umeme usigusane. Ya kiwandani ni ya karatasi nyeupe, imekatwa kwa mashine. Hii imekatwa kwa mkasi, ikasuguliwa ukingo isichubue ganda. Tapeli hasugui ukingo. Tena si karatasi. Sijajua ni kitu gani."

Aliidondosha pete kwenye kiganja cha Inspekta. Ilikuwa nyembamba, ya plastiki, yenye rangi ya buluu iliyokolea kuelekea weusi. Upande mmoja ilipauka, kama wingu.

Inspekta aliinua pete kwenye mwanga. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Koplo, nipe tochi yako."

"Hii?"

"Hiyo."

Alifungua kitako, akaigonga kwenye kiganja. Betri iliteleza nje, imevaa ganda la kijani. Juu yake, kuzunguka ncha chanya, palikuwa na pete nyembamba ya buluu iliyokolea. Imekatwa kwa mkasi. Imesuguliwa ukingo.

Koplo aliitazama, akamtazama Inspekta, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

"Afande, hapana," alisema. "Usiniambie."

*

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana. Ukutani tochi zilining'inia kwenye chaja, kila moja na kitaa chekundu. Kwenye meza kulikuwa na bastola ya hewa ya moto ya kubana maganda ya betri, mkasi, msasa, boksi la betri za laptopu zilizopasuliwa, na mabunda ya maganda: kijani, pinki, zambarau.

Dada Tochi aliinuka alipowaona. "Mmempeleka mahakamani?"

"Keti kwanza, dada."

"Nimekaa siku zote hizi. Mmempeleka?"

Inspekta aliweka mezani betri iliyovuliwa ganda, akaweka na lile ganda lililochanwa pembeni yake. Alikuwa amepanga swali lake njiani, lakini hakulihitaji. Dada Tochi aliona betri, na uso wake ukalainika kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

"Hii ni ya mdogo wangu," alisema. "Mbona mmeichana? Mimi ndiye niliyemtengenezea."

Koplo alitazama sakafu.

"Lini, dada?" Inspekta aliuliza.

"Si zamani. Alikuwa kila akija hapa ni kulalamika, dada betri zinaisha, dada wateja wananingoja. Nikamwambia nikupe za kwangu, hizi zinakesha na mlinzi mpaka asubuhi. Akanicheka. 'Dada, hizo za takataka mimi nisionekane nazo.' Unamjua, bishoo yule, hata kandambili anapiga pasi." Alitabasamu kidogo. "Basi akaziacha zake hapa nimchajie. Nikachagua mbili nzuri kuliko zote, nikazipima usiku kucha, nikazivisha ganda la rangi ileile. Hakujua. Akarudi akaniambia, 'Dada, sijui umezichaji kwa dua gani, sasa zinadumu.' Nikanyamaza. Nikasema siku moja nitamwambia tucheke."

"Hukumwambia mtu yeyote?"

"Nimwambie nani? Ilikuwa siri yangu na yeye, na yeye mwenyewe haijui." Aliitazama betri, akamtazama Inspekta, akaitazama tena betri. "Kwa nini unauliza?"

"Dada, ulikipima kile kidude chake? Kinavuta umeme kiasi gani?"

"Kidude? Ni kidude kidogo tu, afande. Kinaingia mfukoni. Tochi hizi za walinzi ni kubwa kuliko..."

Hakumaliza. Alikuwa fundi. Mkono wake ulichukua mita mezani wenyewe, kwa mazoea, ukabaki umeishika hewani.

"Koili yake ina ukinzani gani?" aliuliza.

"Sifuri nukta mbili."

Midomo yake ilicheza, anagawanya. Inspekta aliiona hesabu ikipita usoni mwake, na akaona ilipofika mwisho. Mita ilianguka mezani. Dada Tochi hakupiga kelele. Alitoa sauti fupi, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni, kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili na macho yakabaki wazi, hayapepesi.

Koplo alimshika bega. Dada Tochi alilitikisa, Koplo akaliachia.

"Ilikuwa inamchoma mkono," alisema kupitia vidole. "Alikuja na kitambaa, nikamuuliza cha nini, akasema kidude kinachemka. Nikamwambia punguza kuvuta." Akarudia, kwa sauti isiyokuwa yake. "Nikamwambia punguza kuvuta."

"Dada..."

"Yule kijana jicho lake limepona?"

"Nani?"

"Pamba. Mimi ndiye niliyewaonyesha watu kibanda chake." Aliinuka ghafla, kiti kikaanguka. "Mfungulieni. Mnangoja nini? Piga simu, afande. Piga nikisikia."

Inspekta alipiga. Alimwambia ofisa wa zamu amtoe Pamba mahabusu, ampe kiti na maji, amwambie angoje. Alisema maneno hayo akimtazama Dada Tochi, naye alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi naandikwa nini?"

"Bado sijui. Nitahitaji maelezo yako. Na kielelezo kimoja." Alitoa ile pete ya buluu. "Hii umeikata kwenye nini?"

Alikwenda kwenye rafu, akavuta bahasha kubwa ya kahawia iliyochakaa pembeni. Ndani mlikuwa na filamu ya eksirei. Aliipeleka dirishani, akaiinua kwenye mwanga, na mbavu za mtu zikaonekana, nyeupe katika buluu iliyokolea, na kivuli cha moyo katikati.

"Mama yetu," alisema. "Picha ya mwisho aliyopigwa. Plastiki yake haipitishi umeme, tena ni ngumu. Nilisema, isitupwe. Nilisema, mama azilinde betri zangu."

Filamu ilikuwa imejaa matundu madogo ya mviringo, yamepangwa kwa safu kuanzia ukingoni. Mwanga wa dirisha ulipita katika kila moja na kuanguka kwenye mtandio wake. Alitafuta kwa kidole, safu kwa safu, bila haraka, mpaka katikati ya mbavu, karibu na moyo, ambapo palikuwa na matundu mawili peke yake, mbali na mengine.

"Yale ya ukingoni ni ya tochi," alisema. "Haya mawili ni ya kwake."